Nani amekutana na nani? Kichombo cha mgongoni mwa popo na somo lake kwa vibanda vyetu



Katika koperative moja tunayoitembelea, msimu uliopita ugonjwa uliingia katika vibanda vya nguruwe. Ulianza kwa mama mmoja. Nguruwe wake mkubwa alikataa chakula asubuhi, masikio na tumbo vikageuka vyekundu, siku ya tatu akafa. Juma lililofuata ikawa zamu ya jirani wa ng'ambo ya kijito, kisha vibanda vingine vitatu. Karibu wote walikuwa wamehesabu nguruwe hao kwa minerval ya watoto na kwa kulipa deni la AVEC.

Katika kikao yule mama alisimama akauliza: "Nguruwe yangu haijatoka hata siku moja. Iko ndani ya kibanda tangu niinunue. Sasa ugonjwa ilipitia wapi?"

Watu walinyamaza. Mmoja akasema ni upepo, mwingine akasema ni watu wabaya. Sisi pia hatukuwa na jibu la haraka. Lakini swali la yule mama ni swali zuri sana, na kuna watafiti wanaojiuliza swali lile lile juu ya wanyama wadogo wa porini: nani amekutana na nani, saa ngapi, na kwa muda gani? Ili kupata jibu wametengeneza vichombo vidogo vya redio ambavyo mnyama anavibeba mwilini. Katika somo la leo tutaona vichombo hivyo vinafanya kazi namna gani, vimefundisha nini, na namna sisi tunaweza kufanya kazi ileile kwa kaye na biki.

Kwa nini macho hayatoshi

Ukitaka kujua ng'ombe wako anakaa karibu na nani, unaketi chini ya mti na kumwangalia. Lakini popo hutoka usiku na mchana hulala ndani ya pango au mti wenye shimo. Panya hupita chini ya magunia. Ukiwasha tochi wanakimbia, na kile ulichotaka kukiona kimeharibika.

Zamani watafiti walifunga redio shingoni mwa mnyama, kisha wakazunguka na antena kutafuta yuko wapi. Njia hiyo inafaa, lakini inakuambia tu kwamba mnyama fulani yuko upande fulani. Haikuambii kwamba saa tatu usiku alikaa dakika kumi ubavuni mwa mwenzake, kisha akaenda kwa mwingine. Na ugonjwa unapita katika dakika kumi hizo.

Kichombo kinafanya kazi namna gani

Wataalamu wanakiita kihisi. Sisi tutakiita kichombo tu. Ndani yake mna redio ndogo, batri ndogo, na sehemu ya kutunza kumbukumbu. Kila kichombo kina numero yake, kama kila mwanachama alivyo na numero yake katika kitabu cha koperative.

Kile kilichotumika kwa popo hutoa sauti ya redio kila sekunde 2, ni kama kusema: "Mimi numero 14, niko hapa." Sauti hiyo haisikiki kwa masikio. Kichombo kingine kikiwa karibu, kinaisikia na kuandika: numero 14, saa fulani, nguvu ya sauti kiasi fulani. Sauti ikiwa na nguvu nyingi, wawili wale wako karibu sana. Ikiwa dhaifu, wako mbali kidogo. Ikikatika kwa muda, kichombo kinaandika kwamba mkutano umeisha. Baadaye mashine moja iliyowekwa karibu na makao yao inapokea maandishi yote kwa redio, bila kumkamata tena mnyama.

Kazi ngumu ni uzito. Kanuni ambayo watafiti wengi wanaifuata ni kwamba mzigo usipite asilimia 5 ya uzito wa mnyama. Ni kama kumbebesha mbuzi wa kilo 20 mzigo wa kilo 1. Popo mnyonya damu, ambaye tutamtaja sasa hivi, ana gramu 30 hadi 40 tu. Kwa hiyo kichombo chake hakiwezi kupita gramu 2 hivi, yaani kama punje tano au sita za mahindi. Ndani ya uzito huo batri haiwezi kuwa kubwa, na kazi yake inaisha katika siku chache au majuma machache. Wanakibandika mgongoni kwa gundi isiyochoma ngozi, na baada ya muda kinaanguka chenyewe.

Popo wa Panama: mnyama ana watu wake

Popo wanyonya damu hawako Afrika. Wako Amerika ya Kati na ya Kusini na Mexico, na chakula chao ni damu ya ng'ombe, farasi na wanyama wengine. Popo huyo akikosa chakula siku mbili au tatu mfululizo anakufa kwa njaa. Lakini mara nyingi hafi, kwa sababu mwenzake aliyeshiba anamtapikia damu kidogo mdomoni. Kesho na yeye atasaidia. Mtu angesema wana likelemba yao.

Simon Ripperger wa jumba la makumbusho ya viumbe la Berlin, Ujerumani, na Gerald Carter wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, walitaka kujua kama urafiki huo ni wa kweli, ama ni wa kulazimishwa na kizimba. Popo 23 walikuwa wamekaa kizimbani miezi 22. Watafiti walikuwa wameandika nani anamlisha nani na nani anamsafisha nani manyoya. Kisha wakawafungulia huko Panama wakiwa na vichombo mgongoni, na popo wengine 27 wa pale pale, ambao hawakuwa wamefungwa, wakavikwa vichombo pia. Matokeo yalitangazwa mwaka 2019: wale waliosaidiana kizimbani waliendelea kukaa karibu karibu hata nje, mahali ambapo kila mmoja angeweza kuchagua wengine.

Mkulima anapata nini hapo? Anapata jambo hili: makutano si ya ovyo. Kila mnyama ana watu wake anaorudi kwao. Na binadamu vilevile. Wewe huendi kwa kila nyumba ya kijiji. Unaenda kwa shemeji, kwa mwenzako wa AVEC, kwa mwenye dume la kuazima, kwa muuza pumba. Ugonjwa ukiingia kwa mmoja, hautawanyiki kama mvua. Unatembea katika vijia hivyo hivyo vya urafiki na biashara. Ukivijua vijia, unajua mahali pa kuweka mlango.

Popo wa Belize: mgonjwa hukutana na wachache

Mwaka 2020 watafiti hao, pamoja na Sebastian Stockmaier, walitangaza kazi nyingine waliyoifanya Belize. Walikamata popo wa kike 31 waliokuwa wanaishi katika mti mmoja wenye shimo. Popo 16 walichomwa sindano ya kitu kinachoamsha kinga ya mwili, mwili unajisikia mgonjwa kwa masaa kadhaa, lakini hamna mikrobe hai ndani yake. Popo 15 walichomwa maji ya chumvi tu. Wote wakavikwa vichombo, wakarudishwa mtini.

Katika masaa 6 ambayo dawa ilikuwa na nguvu, kila mgonjwa alikutana na wenzake wanne pungufu kuliko yule mzima. Wazima wawili walikuwa na nafasi ya asilimia 49 ya kukutana, lakini mzima na mgonjwa asilimia 35 tu. Tena mgonjwa alikaa dakika 25 pungufu kwa kila mwenzake. Dawa ilipoisha nguvu, tofauti ikapungua.

Angalia vizuri. Hakuna popo aliyeweka sheria, hakuna komite iliyofanya kikao. Mgonjwa alikosa nguvu ya kutembea, akatulia mahali pake, na kwa kutulia tu akawapunguzia wengine hatari.

Jambo kama hilo limeonekana pia kwa panya wa ghala. Karibu na Zurich, Uswisi, kuna ghala la shamba ambamo watafiti wa chuo kikuu wamefuatilia panya wadogo wa nyumbani tangu mwaka 2002. Panya wanaingia na kutoka kwa hiari yao, na wamewekewa visanduku 40 vya kuzalia. Kila panya mkubwa ana kichombo chini ya ngozi kisicho na batri, na mlangoni mwa kila kisanduku mna antena inayosoma numero ya anayepita. Mwaka 2016 walitangaza kwamba panya waliopewa sindano kama ile ya popo walipunguza mwendo na wakakatika kutoka katika kundi lao. Wenzao hawakuwakimbia. Wagonjwa wenyewe ndio walioacha kuzunguka.

Na sisi je? Sisi tunafanya kinyume

Sasa turudi katika kibanda cha nguruwe.

Nguruwe mgonjwa anataka kutulia kama popo wa Belize. Lakini yumo ndani ya kibanda kimoja na wenzake, wanakula katika mbao moja, wanakunywa katika chombo kimoja. Hana mahali pa kujitenga. Mbuzi tuliyemfunga kamba moja na wengine ni vilevile. Njia ambayo Mungu aliwapa wanyama wa porini, sisi tumeifunga kwa mbao na misumari.

Tena, mnyama akiugua, sisi tunaongeza makutano. Jirani wa kwanza anakuja kuangalia, wa pili anakuja kutoa shauri, wa tatu analeta dawa ya majani. Wote wanaingia na viatu vyao hadi ndani, kisha wanarudi kwao kulisha wa kwao. Mwenye mnyama, kwa hofu ya kupoteza yote, anamwita mchinjaji usiku. Nyama inagawanywa vipande vipande kijijini, mifupa na maji ya kuoshea yanamwagwa kwa nguruwe wengine. Katika siku mbili mnyama mmoja mgonjwa amekutana na nusu ya kijiji, hata baada ya kufa.

Kukutana bila kugusana

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Wanafikiri ugonjwa unataka mnyama na mnyama wagusane. Sikieni habari ya Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza.

Huko kuna mnyama wa usiku, ndugu wa nyegere wetu, anayechimba mashimo karibu na malisho. Wafugaji wanajua kwamba anabeba kifua kikuu cha ng'ombe. Timu ya Rosie Woodroffe, wa shirika la elimu ya wanyama la London, iliwavika wanyama hao na ng'ombe mikanda ya shingoni yenye vichombo vya kutambua mahali na vya kutambua ukaribu. Matokeo yalitoka mwaka 2016. Wanyama wale walipenda kutembea katika malisho ya ng'ombe, lakini ng'ombe wenyewe waliwakwepa. Vichombo havikuandika hata mara moja kwamba wamekaribiana kiasi cha kupumuliana.

Na bado ugonjwa unapita kati yao. Unapitia wapi basi? Njia inayodhaniwa zaidi ni kile wanachokiacha nyuma: mavi, mkojo, mate juu ya majani na maji. Mikrobe wa kifua kikuu cha ng'ombe anaweza kudumu siku nyingi katika udongo na mavi. Mmoja anapita usiku, mwingine anakula pale pale asubuhi.

Hilo ndilo jibu la nusu kwa swali la yule mama. Nguruwe wake hakutoka. Lakini vitu viliingia.

Milango mitatu ya kibanda chako

Katika koperative ile, dalili zilifanana na pesti ya nguruwe ya Afrika. Ugonjwa huo haumpati binadamu, lakini hauna dawa ya kuuponya, wala hatuna chanjo yake hapa kwetu. Tangu mikrobe inaingia mpaka dalili zinaonekana, mara nyingi ni kati ya siku 5 na 15. Tuutumie kama mfano, tuihesabu milango.

Mlango wa kwanza ni mnyama kwa mnyama: dume la kuazima, nguruwe mpya kutoka soko, nguruwe wa jirani wanaozunguka huru.

Mlango wa pili ni vitu na watu: viatu, panga, wembe wa mukata nguruwe, kamba, gunia la pumba, mabaki ya chakula. Mikrobe wa pesti hii anaishi miezi katika nyama mbichi na hata iliyokaushwa au kutiwa chumvi. Kipande cha ngozi ya nguruwe katika mabaki ya bugali kinatosha.

Mlango wa tatu ni wanyama wa porini. Ngiri na nguruwe wa porini wanaweza kubeba pesti hii bila kuonekana wagonjwa, na kupe fulani laini wanaokaa katika mashimo ya ngiri huitunza. Mwindaji akileta nyama ya porini nyumbani, maji ya kuoshea nyama hiyo yasifike kibandani.

Kwa mbuzi na kuku milango ni ileile, ila huko tuna silaha zaidi: pesti ya mbuzi na kondoo ina chanjo, na ugonjwa wa Newcastle wa kuku una chanjo. Mwulizeni veterineri wa sekta.

Kaye ya makutano

Hatuna vichombo vya gramu 2, wala hatuvihitaji. Popo hajui kuandika, sisi tunajua. Fanyeni hivi kwa majuma manne:

1. Kila mwenye kibanda atundike kaye na biki mlangoni. Asiyejua kuandika amtume mtoto wa shule.

2. Kila siku aandike mambo manne tu: tarehe, nani au nini kimeingia, kimetoka wapi, kimegusa nini. Kwa mfano: "Tarehe 4, mukata nguruwe, ametoka kwa Baba Fulani, amegusa watoto watano wa nguruwe kwa wembe wake." Au: "Tarehe 6, ndoo ya mabaki kutoka restora ya soko, imemwagwa katika mbao ya chakula."

3. Aandike pia kile kinachotoka: dume limekwenda kwa nani, mbolea imekwenda shamba gani, kamba imeazimwa na nani.

4. Mwisho wa juma la nne, leteni kaye zote katika kikao. Chini, mahali penye nafasi, wekeni jiwe moja kwa kila kibanda. Kwa kila kitu au mtu aliyetoka kibanda kimoja hadi kingine, lazeni kijiti kutoka jiwe hadi jiwe.

5. Simameni muangalie. Jiwe lenye vijiti vingi ni njia panda ya ugonjwa. Anzeni kulinda hapo.

Sharti moja: kaye si karatasi ya kumshitaki mtu. Mkianza kuitumia kwa kumlaumu fulani, juma la pili watu wataandika uongo. Na mkumbuke kwamba kichombo kinaandika yule tu aliyevikwa kichombo. Kibanda kisicho na kaye hakitaonekana katika mchoro wenu, lakini ugonjwa unakijua.

Katika koperative tuliyoitaja mwanzoni, tulifanya zoezi hili kwa kukumbuka tu, kwa sababu kaye hazikuwako. Mawe yalipowekwa, watu walishangaa. Kibanda chenye vijiti vingi hakikuwa cha mfugaji mkubwa. Kilikuwa cha mzee mmoja mwenye nguruwe wawili tu, lakini mmoja wao ndiye dume la kijiji kizima. Kijiti kingine kirefu kilikuwa cha mukata nguruwe, ambaye wembe wake ulipita vibanda vinne kwa siku moja, na cha yule mama kilikuwamo. Hatuwezi kuapa kwamba ni wembe ule ama ni kitu kingine. Lakini yule mama aliangalia mawe yale akasema: "Kumbe mimi ndiye nilifungua mulango." Tukamwambia, mama, si wewe peke yako. Sisi wote tuliiacha wazi, na sisi mafundi tulipita vibandani na bote zetu bila kuziosha.

Hatua za kuanza nazo

Mnyama mpya akae peke yake majuma matatu kwa uchache, mbali na wengine, na mtu amlishe mwisho baada ya kulisha wazima.

Kila kibanda kiwe na pembe ya mgonjwa, hata ya miti na majani tu, yenye chombo chake cha maji. Hapo mnyama anapata kile ambacho popo wa Belize alikipata mwenyewe: nafasi ya kutulia mbali na wenzake.

Mlangoni wekeni burashi, maji na sabuni, kisha bakuli ya maji ya javeli. Kwanza toeni matope na mavi, ndipo muingize kiatu katika javeli. Javeli juu ya matope haifanyi kazi. Maji yabadilishwe kila siku. Mwenye uwezo aweke bote za kibanda zisizotoka nje.

Mabaki ya chakula yachemshwe vizuri mpaka yatokote, ndipo yapewe nguruwe. Mabaki yenye nyama ya nguruwe afadhali yasitumike kabisa.

Wembe na panga vioshwe na kuchemshwa kati ya kibanda na kibanda. Koperative ikinunua wembe mpya kwa kila kibanda, gharama yake ni ndogo kuliko bei ya mtoto mmoja wa nguruwe.

Mnyama akifa kwa ghafla, asichinjwe, asiuzwe, asitupwe mtoni. Azikwe katika shimo la meta 2, mbali na kisima, na veterineri aitwe siku ileile.

Neno moja juu ya popo na panya wetu

Tusije tukasikia kwamba mtu ameisoma habari hii akaenda kuchoma popo. Wale wa damu hawako kwetu. Popo wengi wadogo wa kwetu hula wadudu wa usiku, na kati yao mna vipepeo ambao watoto wao wanakula mimea. Waacheni. Lakini msiwashike kwa mikono, na watoto wasiwachezee, wawe hai ama wamekufa, kwa sababu popo wanaweza kubeba magonjwa ya kuua.

Panya ni habari nyingine. Katika depo ya mahindi wanakula, wanakojolea magunia, na viroboto wao wanaweza kuleta tauni, ambayo ndugu zetu wa Ituri wanaijua. Magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta, na sakafu ifagiliwe kila siku. Mkiona panya wengi wamekufa pamoja bila sumu, msiwaguse. Mjulisheni muuguzi wa kituo cha afya.

Jambo la mwisho, na ndilo gumu

Tunajua kwa nini watu huuza mnyama mgonjwa usiku. Si ubaya. Hasara ikimwangukia mtu mmoja peke yake, ataificha. Mkiangalia popo wa Panama, anayekosa chakula anaishi kwa sababu mwenzake anampa kidogo. AVEC nyingi zina sanduku la msaada. Kaeni katika kikao mjadili: mwanachama akitangaza ugonjwa mapema, akamzika mnyama wake bila kuuza hata kilo moja, sanduku litampa nini? Hata ikiwa ni mtoto mmoja wa nguruwe baada ya msimu, au kuahirishiwa deni lake miezi mitatu. Bila hilo, bakuli la javeli mlangoni ni mapambo tu. Yeye akitangaza siku ya kwanza, vibanda vingine vinapona.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika siku saba zilizopita, nani na nini kimeingia katika kibanda chako? Taja vyote, hata mtoto aliyefuata mpira.

2. Katika kijiji chenu, jiwe lenye vijiti vingi lingekuwa la nani? Mtamsaidia namna gani bila kumwaibisha?

3. Mnyama wako akiugua leo usiku, atajitenga wapi? Nenda ukatuonyeshe mahali.

4. Sanduku la msaada litamlipa nini anayetangaza mapema?

Andikeni majibu yenu katika kaye ya koperative. Tutakapopita kuwatembelea, tutayasoma pamoja, na safari hii tutaosha bote zetu kabla ya kuingia.